Maji Nyuma ya Gari Jeusi

Alhamisi asubuhi maji yalitoka kwa muda wa kutosha kujaza ndoo mbili na birika, kisha bomba likakohoa, likanyamaza. Shadlia aliweka ndoo moja jikoni na nyingine chooni, akazifunika kwa sinia, halafu akateka bakuli moja na kutoka nalo hadi mlangoni. Binti wa jirani yake Saluha alikuwa anarudi chuoni Tunis, na katika mtaa ule mkongwe wa Mahdia mtu haondoki bila kumwagiwa maji nyuma yake. Ukiyamwaga pale alipokanyaga akienda, atarudi kwenye mlango ule ule. Watu hawaulizi ni nani aliyeanza. Huyamwaga tu, kama wanavyofunga mlango wakitoka.

Magoti ya Shadlia hayakuwa na haraka siku hiyo. Alipofika kizingitini, teksi ya msichana ilikuwa imekwisha kukata kona, na nyuma yake lilikuwa likipita gari jeusi lenye vioo vya giza. Lilikuwa limepotea njia likitoka kwenye hoteli za ufukweni, kwa sababu barabara kubwa ilifungwa na watu waliochoma matairi wakidai maji. Shadlia aliona gari linaondoka, akamwaga.

"Umemmwagia nani, da Shadlia?" Saluha aliuliza kutoka mlango wa pili, mkono wake bado uko hewani kwa kuaga.

"Nadhani si mwanao."

"Mwanangu ameshafika stendi. Hilo ni gari la yule mwimbaji wa jana."

Shadlia alitazama bakuli tupu. Yalikuwa maji ya kutosha kuoshea mboga. Akasema basi, huko aendako na afike salama, akarudi ndani.

Shadlia alikuwa mjane, karani mstaafu wa shule ya msingi, na kila wiki aliandika safu kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti dogo la mkoa. Safu ile iliitwa Kizingitini, nayo ilikuwa na sehemu tatu: safari, habari za dunia, na habari za mastaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Tunis, na hakuona kwamba hilo lilikuwa kikwazo. Wasafiri walirudi wakasimulia, televisheni ilikuwa imewashwa kutwa bila sauti, na yaliyobaki aliyafikiria akichambua mboga. Aliandika kwamba uwanja wa ndege ni mahali ambapo watu wazima hupanga foleni ili wavuliwe mikanda, kisha hushukuru. Marais walipokutana kujadili namna ya kuwazuia wahamiaji, aliandika kwamba samaki waliopikwa kwenye mkutano ule walivuka mipaka minne na hakuna aliyewauliza wanakwenda kwa nani. Mwigizaji mmoja alipoachana na mume wake wa nne, aliandika kwamba anatumaini safari hii amebaki na masufuria yake.

Wasomaji walicheka. Wale wa mtaani kwake walicheka kidogo kidogo, kwa sababu walijua kwa nini mwanamke asiyesafiri alikuwa haishi kuwaza safari.

Mwanawe wa pekee, Naufel, aliondoka kwa mashua, bila karatasi, kwenda Mazara kule Sisilia, ambako watu wa Mahdia ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kugombana na jirani yake wa zamani siku ya kwanza tu. Siku aliyoondoka, bomba lilikuwa kavu mtaa mzima. Shadlia aligonga milango yote na hakupata hata kikombe. Ndani ya nyumba kulikuwa na chupa moja ya maji ya kununua, na hiyo alimpa mtoto akanywe njiani. Alisimama mlangoni mikono mitupu, akamtazama anakwenda juu ya mawe makavu. Tangu hapo Naufel hakuwa amerudi. Alifanya kazi kwenye banda la kugandishia samaki, alipiga simu kila jioni baada ya kazi, na alisema atakuja akipata karatasi. Karatasi hazikuja. Nywele zilianza kumtoka, na Shadlia alilijua hilo kwa kuwa mwana hakuwa anavua kofia tena kwenye picha.

Wiki ile ilipita. Jumatano yake, alasiri, Shadlia alikuwa akichoma pilipili kwa ajili ya saladi wakati mlango ulipogongwa. Alipofungua alimkuta mwanamke mrefu, amevaa gauni la jukwaani, lenye pindo lililolowa maji. Alikuwa Rindala, yule mwimbaji wa Lebanoni ambaye sura yake ilikuwa kwenye maboksi ya sabuni.

"Samahani, khaloo," alisema, akimwita kama dada wa mama yake. "Nilikuwa Beirut. Nimemaliza kuimba, nikafungua mlango wa choo ninawe mikono, nikatokea hapa."

"Ulikuwa umekwisha kunawa?"

"Bado."

"Maji yako kwenye ndoo. Tumia kata ndogo."

Rindala alinawa kwa kata ndogo, akakaa kwenye kigoda, na Shadlia akamweleza kosa lake: teksi, magoti, gari jeusi. Aliomba radhi. Alisema bakuli moja si maji mengi, na kwamba kazi zake hazitaharibika sana. Atakwenda anakotakiwa, na kila baada ya siku kadhaa mlango mmojawapo utamleta hapa. Saluha, aliyekuwa amekuja kuazima kitunguu, alithibitisha. Yeye humwagia binti yake kikombe tu, na kikombe humtosha mtu kumaliza muhula. Ndoo ni habari nyingine. Mjomba wake alimwagiwa ndoo nzima na mke mwenye wivu, akawa kila akiondoka anajikuta yuko mlangoni kwake kabla hajavuka tanuri la mikate. Mwishowe akaomba kazi pale kwenye tanuri, na hadi leo ndiye anayeoka.

"Na maji hayo huisha nguvu?" Rindala aliuliza.

"Mjomba anaoka mwaka wa ishirini na ngapi sasa," Saluha alisema. "Muulize yeye."

Rindala alikula pilipili za kuchoma kwa mkate, akianza na ganda la mkate na kuacha nyama yake mwisho, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa na bibi. Shadlia aliliona hilo na akamkatia upande wenye ganda zaidi. Jua lilipoinama, dereva wa teksi wa mtaani alimpeleka uwanja wa ndege, akilalamika njia nzima kwamba mtu anayekuja bila teksi na kuondoka kwa teksi anamfanyia mwenzake biashara nusu.

Baada ya hapo alikuja mara kwa mara. Televisheni ingemwonyesha Kairo akipokea tuzo ya dhahabu, na kabla habari hazijaisha angekuwa mlangoni kwa Shadlia, pindo limelowa, tuzo kwapani. Tuzo ile iliwekwa juu ya friji kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Mwoka mikate aliongeza mkate mmoja kwenye mfuko wa Shadlia bila kuambiwa. Wanawake walipomkuta Rindala akichambua njegere, walimsalimu, wakamuuliza kama ni kweli amefanyiwa pua. Alisema ni kweli. Wakasema ya kwanza haikuwa mbaya.

Shadlia aliyaandika haya kwenye safu yake, sehemu ya mastaa, kwa utaratibu. Tijani, mhariri wake, alikuwa kijana wa heshima ambaye humpigia kila Alhamisi kwenye simu ya mezani na kuandika anayotajiwa. Aliuliza kama hakuna talaka, au ugomvi, au japo deni. Shadlia akasema hakuna. Mwimbaji alikuja, akala, akalala kidogo mchana kwenye kochi na mdomo wazi, akaamka akauliza kama kuna mtu amemwita.

"Hakuna mtu aliyemwita?" Tijani aliuliza.

"Hakuna."

"Basi niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Kitu ambacho hakukiandika ni kwamba kila Rindala alipobisha, moyo wa Shadlia ulipiga mara mbili: mara moja kwa furaha ya mgeni, mara ya pili kwa kujua. Maji yalikuwa yanafanya kazi. Bakuli lililomwagwa kimakosa nyuma ya mtu asiyemjua lilikuwa linamleta mtu huyo kutoka pembe zote za dunia, na hakuna askari wa mpakani aliyemuuliza kitu. Lingekuwepo bakuli kama lile siku ile nyingine, Naufel angekuwa anakuja na kwenda, na nywele zake angeziona zikipungua kwa macho yake. Saluha alimwambia asijitese. Siku ile mtaa mzima haukuwa na maji, alisema, na upande wa hoteli walikuwa wanamwagilia majani. Hilo alilisema kwa kumfariji.

Rindala alisikia habari za Naufel kipande kipande, kama mtu anavyosikia habari za nyumba anayolala. Aliuliza kwa nini mama analala chumba cha mbele, chenye baridi, wakati cha nyuma kina zulia. Shadlia akasema cha mbele kinasikia mlango. Naye Rindala alieleza ya kwake siku moja, huku akikausha vyombo. Mama yake alifariki Saida wakati yeye akiimba kwenye harusi ya tajiri mmoja, na wasaidizi wake walimficha habari hiyo hadi wimbo wa mwisho. Ana nyumba Dubai yenye mlinzi. Mlinzi yule humsalimu vizuri sana. Alipokwisha kusema hayo akauliza sahani hii inakaa wapi, na Shadlia akamwonyesha.

Majira ya baridi yalipoisha, Rindala alisema ana onyesho Palermo. Shadlia alikuwa akifunga mtungi wa harisa wakati huo, akaendelea kuufunga.

"Mazara si mbali na huko," alisema.

"Nitakwenda, khaloo."

"Sitaki kukusumbua."

"Mimi nakula kwako mwaka mzima. Nimpelekee nini?"

Alimpa mtungi ule wa harisa, pilipili ya kusaga, bisisa ya unga wa shayiri kwenye kopo, na fulana ya sufu. Alimpa na maneno, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Amwambie aje. Asingoje karatasi. Kama kurudi huku ni kurudi moja kwa moja, na iwe moja kwa moja.

Naufel alimpokea mwimbaji kwenye chumba chake kimoja juu ya duka la nyavu. Alimpa kiti, yeye akakaa kitandani. Alimwambia mama yake baadaye kwamba alitaka kumtania, amuulize tikiti za bure ziko wapi, ila alipoliona kopo la bisisa maneno yalipotea. Rindala akamweleza kuhusu chumba cha mbele. Alimweleza bila kupamba, maana alikuwa amezoea kupambiwa kila kitu na alijua thamani ya kinyume chake. Kesho yake Naufel aliaga kazini. Mwenye banda alimpa ujira wa wiki na samaki mkubwa, na wenzake wakambusu mashavuni. Akafunga begi, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo, na Rindala akamsindikiza hadi mlango wa chini.

Pale mlangoni mwimbaji alikumbuka jambo. Yeye mwenyewe maji yalimpeleka kwa Shadlia kila yalipomchukua, kutoka Kairo, kutoka Doha, kutoka kila mahali. Hakuwahi kuyaona yakipeleka mtu kwingine. Kwa hiyo alidhani kwamba ndivyo maji yalivyo, kwamba yanaijua njia ya kwa Shadlia. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na chupa kubwa ya maji ya hoteli, haijafunguliwa. Mtu aliyezoea hoteli hapimi maji. Naufel alipokwisha kumpa mgongo na kupiga hatua chache juu ya mawe, Rindala alifungua chupa na kuimwaga yote nyuma yake, kwa upendo, mpaka tone la mwisho.

Shadlia aliambiwa kwamba mwanawe atapanda meli ya Jumamosi kutoka Palermo. Jumamosi alipika. Aliwasha moto mapema, akapika kuskusi ya samaki kama Naufel anavyoipenda, yenye vipande vya tunda la safarjali ndani, akatandika kitanda cha chumba cha nyuma. Saluha alileta maji yake mwenyewe, nusu ndoo, ili mtoto aoge. Mwoka mikate alileta mikate na akakataa kuketi. Alisema akikaa sana atachelewa, ingawa kila mtu alijua hakuna anakoweza kuchelewa kwenda.

Jumapili asubuhi simu ililia.

"Mama," Naufel alisema. "Niko chumbani kwangu."

"Meli haikuondoka?"

"Iliondoka. Nilikuwa juu, naangalia taa za Palermo. Nikasema nishuke nikajilaze. Nimefungua mlango wa ngazi, na hapa nilipo natazama kitanda changu. Na viatu vimelowa."

Shadlia alikaa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida nani amemwagia maji mlangoni kwake.

"Nilimsikia, mama. Nilijua anachofanya. Nilitaka kugeuka nimwambie aache." Akavuta pumzi. "Ila nimekaa hapa miaka yote hii, nimetoka mlango ule kila siku, na hakuna mtu aliyewahi kunimwagia maji. Nikaona haya kumkatiza. Nikasema labda ni kidogo."

"Yalikuwa kidogo?"

"Chupa nzima. Ile kubwa."

Shadlia alisema hewaa. Akamuuliza kama amekula. Naufel akasema samaki wa mwenye banda amebaki kwenye meli.

Alijaribu tena. Mwenye nyumba alimrudishia ufunguo, naye akajaribu kwa treni, na kwa gari la rafiki. Kila safari alipata umbali uliokuwa sawa na chupa kubwa, kisha mlango wowote aliofungua ulikuwa wa chumba chake. Mwishowe akaenda mwenyewe polisi, akasema hana karatasi na anaomba arudishwe kwao. Walishangaa kidogo kwa sababu ya adabu yake, si kwa jingine. Wakamweka kwenye ndege ya serikali pamoja na vijana wengine wa kurudishwa, kila mmoja na askari pembeni.

Shadlia na Saluha walikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Wanawake wengine walikuwa wamesimama kwenye uzio, kila mmoja na mfuko wa chakula. Ndege ilitua. Vijana walishuka wameinamisha vichwa, na mama mmoja mmoja akachukua wake. Wa mwisho kushuka alikuwa askari mgeni aliyekuwa ameshika pingu iliyofungwa na isiyo na mtu, ana uso wa kuudhika kama mtu aliyeshuka stesheni akaacha mwavuli.

Ofisa wa dirishani alikuwa mwema. Alimletea Shadlia kiti chake mwenyewe na kutafuta jina kwenye kompyuta.

"Amefika, mama," alisema. "Tazama hapa. Naufel, Mahdia. Amepokelewa."

"Mimi natazama mlango," Shadlia alisema.

"Mlango sina mamlaka nao. Kwenye kompyuta amefika."

Na ndivyo ilivyobaki. Upande wa huku Naufel alihesabiwa kuwa yuko nyumbani, hivyo hapakuwa na mtu wa kufuatilia. Upande wa kule alihesabiwa kuwa amekwisha kuondolewa, hivyo ombi lake la karatasi lilifungwa. Mwenyewe alikuwa juu ya duka la nyavu, na mwenye banda alimpokea tena kwa ujira mdogo kuliko wa kwanza, kwani mtu asiyekuwepo, alisema, hawezi kulipwa kama aliyepo.

Rindala alipokuja tena alisimama mlangoni bila kubisha. Saluha ndiye aliyemwona na kumwita Shadlia. Mwimbaji alikuwa analia, na rangi ya macho imemshuka hadi kidevuni.

"Nilidhani yanakuja kwako," alisema. "Khaloo, wallahi nilidhani yote yanakuja kwako."

Shadlia alimtazama. Zilikuwepo siku, katika wiki zile, ambapo alitayarisha maneno ya kumwambia, na mengine yalikuwa makali. Sasa aliona pindo lililolowa, na viatu vya jukwaani ambavyo mtu hawezi kutembea navyo mbali, akaona kwamba huyu hakuwa na mlango mwingine.

"Hukufundishwa," alisema. "Ingia. Mkate ungali moto."

Baadaye kidogo, Shadlia aliamua kwamba kama mwana hawezi kuja, mama atakwenda. Aliomba viza kwenye ubalozi mdogo kule Tunis. Alipeleka picha mbili na kitambulisho, na shahada ya kustaafu. Asubuhi ya kwenda kusikiliza jibu, Saluha alisimama mlangoni na kikombe. Alikuwa amekipima kwa macho, akakipunguza, akakirudisha.

"Kikombe tu, da Shadlia. Cha kukutosha uende ukae naye, umpikie, umkate nywele zilizobaki, kisha urudi. Nisikukose kabisa."

Akakimwaga nyuma yake, na Shadlia hakugeuka.

Kijana wa dirishani alizungumza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa. Ombi limekataliwa. Sababu ni kwamba haikuthibitika kuwa mwombaji ana nia ya kurudi kwao.

"Nitarudi," Shadlia alisema. "Nimemwagiwa maji."

Kijana aliuliza kiasi gani.

"Kikombe."

Alipitia ukurasa mmoja, akapitia wa pili. Alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba wanakubali mshahara, shamba, mume au watoto wadogo. Maji hayakutajwa. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimwagia, aliongeza kwa sauti ya chini, lakini hayakutajwa. Aliuliza kama ana mtoto yeyote nyumbani wa kumfanya arudi. Shadlia akasema kwenye kompyuta anaye. Kijana alitazama kompyuta, akaona ni kweli, na akasema mtoto huyo ni mtu mzima, hahesabiwi.

Akamletea glasi ya maji baridi. Shadlia aliinywa yote, akamshukuru, akarudi Mahdia kwa teksi ya abiria wanane, amekaa katikati.

Alhamisi Tijani alipiga simu kama kawaida. Rindala alikuwa jikoni, akichambua dengu. Alikuwa amejifunza kuondoa mawe kwa vidole viwili. Shadlia alianza na sehemu ya mastaa. Alisema nyota mmoja wa muziki, aliyeonekana juzi Doha akiwa na almasi, anachambua dengu vizuri kuliko watu wengi waliozaliwa nazo.

"Safari?" Tijani aliuliza.

"Niliondoka, nikarudi."

"Hiyo ni mistari mifupi sana, Lella Shadlia. Itabaki nafasi."

"Wekeni picha ya bahari."

Alisikika akiandika. Kisha akauliza habari za dunia, maana marais walikuwa wamekutana tena, safari hii kwenye kisiwa, na watu wangetaka kujua atasemaje. Shadlia alifikiri. Alitazama nje, ambako Saluha alikuwa amesimama na ndoo tupu akiongea na mwoka mikate.

"Za dunia chapeni zile za wiki iliyopita," alisema.

"Zile zile?"

"Zile zile. Hakuna atakayeona tofauti."

Tijani alicheka kidogo, halafu akaacha. Alitaka kusema jambo jingine, labda la kumpa pole, kwani alikuwa kijana mwenye malezi. Shadlia akamwomba radhi, akasema lazima akate. Ilikuwa jioni, mabanda ya Mazara yalikuwa yanafungwa, na hakutaka mwanawe apige akute laini ina mtu.